Kufunga skrini kwa amri za terminali: XScreenSaver hatua kwa hatua

"Skrini inakuwa nyeusi, lakini mtu akigusa kipanya tu anakuta kila kitu wazi. Kwa nini?" Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila anayeanza kutumia XScreenSaver, programu ya Linux ya kuzima na kufunga skrini, kwa terminali (dirisha la kuandikia amri). Yanayofuata nayo ni yale yale: amri inajibu kwamba hakuna kinachoendeshwa, laptopu imefunikwa na kufunuliwa bila kuuliza nenosiri, nenosiri ni sahihi lakini linakataliwa. Mwongozo huu unakupeleka kuanzia kusakinisha mpaka siku utakayojikuta umefungiwa nje.

Shika jambo moja kabla ya yote: skrini nyeusi si skrini iliyofungwa. Kuizima picha ni kazi moja, kudai nenosiri ni kazi nyingine, na kila moja ina amri yake. Ukizichanganya, utaondoka mezani ukiamini umefunga kumbe umezima taa tu na mlango uko wazi.

Utakachohitaji

Linux inayotumia X11, mfumo unaochora madirisha kwenye skrini (kwa kifupi X). Hakikisha hivi:

```
echo $XDG_SESSION_TYPE
```

Jibu likiwa `x11`, endelea. Likiwa `wayland`, yaani mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, ruka hadi sehemu ya mwisho, maana huko usiitegemee XScreenSaver kukufungia skrini.

Mifano hapa ni ya Debian, Ubuntu na Linux Mint, kwa hiyo kusakinisha ni kwa `apt`. Kwenye Linux nyingine ni kusakinisha tu kunakobadilika. Zilizobaki ni zile zile. Kama unatumia GNOME au Cinnamon, mazingira hayo yana kufuli lake lililoshonwa ndani na kuling'oa kuna usumbufu mwingi kuliko faida. XScreenSaver inakaa vizuri zaidi kwenye Xfce, LXDE, i3, Openbox na wenzao.

Akaunti yako iwe na nenosiri. Inaonekana ni jambo la wazi, lakini kompyuta nyingi za matumizi ya pamoja zimewekwa ziingie zenyewe bila kuuliza, na mwenyewe hakumbuki aliweka nini. Andika `sudo -k; sudo true` uone kama nenosiri unalolijua ndilo. Kama akaunti yako haina ruhusa ya `sudo` (kuendesha amri kama msimamizi), toka kabisa kisha uingie upya.

Mwisho, uwe na njia ya pili ya kuingia, na uijaribu sasa kabla hujafunga chochote. Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Itatokea skrini ya maandishi matupu. Ingia kwa jina na nenosiri, kisha andika `exit`. Rudi kwenye dirisha zako kwa Ctrl+Alt+F7. Ikikataa, jaribu F1 au F2. Hiyo ndiyo kamba yako ya kujiokolea.

Hatua ya 1: Sakinisha

```
sudo apt update
sudo apt install xscreensaver
```

Kuna vifurushi vya ziada vya picha: `xscreensaver-data-extra`, `xscreensaver-gl` na `xscreensaver-gl-extra`. Ni kazi nzuri ya watu wengi, tangu Jamie Zawinski alipotoa toleo la kwanza mwaka 1992. Lakini kwa kompyuta ya kazi huzihitaji, na zile za pande tatu huila betri.

Jua unatumia toleo gani:

```
dpkg -s xscreensaver | grep Version
```

Toleo la 6 lilitoka mwaka 2021 na lilisukwa upya: sehemu inayouliza nenosiri imetengwa na sehemu inayochora picha. Dirisha la mipangilio pia limebadilika jina. Zamani liliitwa `xscreensaver-demo`, sasa ni `xscreensaver-settings`. Mafunzo mengi ya zamani bado yanataja lile la kwanza, na msomaji anaambulia `command not found`.

Hatua ya 2: Ondoa kufuli lililokuwepo

Makufuli mawili kwenye mlango mmoja ni kero: utaulizwa nenosiri mara mbili, au moja litalizuia jingine na skrini isifungwe kabisa. Angalia nani yupo:

```
pgrep -af 'locker|screensaver'
```

Kwenye Xfce utakuta `light-locker` au `xfce4-screensaver`, kutegemea toleo. Lizuie lisiwake tena, kisha lizime. Mfano wa `light-locker`:

```
mkdir -p ~/.config/autostart
cp /etc/xdg/autostart/light-locker.desktop ~/.config/autostart/
echo 'Hidden=true' >> ~/.config/autostart/light-locker.desktop
pkill light-locker
```

Usihariri faili lenyewe lililo ndani ya `/etc/xdg`. Ukifanya hivyo umewabadilishia watumiaji wote wa kompyuta hiyo.

Hatua ya 3: Mweke mlinzi

XScreenSaver ni programu mbili zinazosaidiana. `xscreensaver` ni mlinzi: anakaa nyuma ya pazia akiangalia kibodi na kipanya, na ndiye mwenye ufunguo. `xscreensaver-command` ni mjumbe tu, anapeleka maneno kwa mlinzi na kurudi. Kama mlinzi hayupo, mjumbe hana wa kumpa salamu. Basi mwite kwanza:

```
xscreensaver -no-splash &
```

Usiweke `sudo` mbele yake. Mlinzi lazima awe mtumiaji yule yule mwenye sesheni, na akiendeshwa na root (msimamizi mkuu wa mfumo) hafungi skrini.

Sasa muulize hali:

```
xscreensaver-command -time
```

Akiwa kazini utapata kitu kama hiki:

```
XScreenSaver 6.06: screen non-blanked since ...
```

Jibu hilo lina sura tatu na ni vizuri uzijue. `non-blanked` maana yake skrini iko wazi unafanya kazi, `blanked` imezimwa lakini haijafungwa, na `locked` imefungwa kweli. Tofauti ya hizo mbili za mwisho ndiyo mzizi wa swali tulilofungulia.

Hatua ya 4: Zijaribu amri moja moja

Hifadhi kazi yako kwanza, kisha:

```
sleep 3; xscreensaver-command -activate
```

Ile `sleep 3` inakupa nafasi ya kuachia kibodi na kipanya. Bila hiyo, mtikisiko mdogo wa mkono unaiwasha skrini papo hapo na unadhani amri haifanyi kazi. Skrini itakuwa nyeusi au itatoa picha. Sogeza kipanya: unarudi kwenye kazi yako bila kuulizwa chochote. Umeona? `-activate` inatii mipangilio, na mipangilio ya mwanzo ni kutofunga.

Sasa hii:

```
sleep 3; xscreensaver-command -lock
```

Gusa kipanya, na safari hii unadaiwa nenosiri. `-lock` inafunga hata kama mipangilio inasema usifunge. Kwa hiyo kitufe cha kufungia, hati ya kujiandikia au mstari wa cron (ratiba ya amri zinazojiendesha) viwe na `-lock` siku zote, si `-activate`.

Amri inayowapotosha watu wengi zaidi ni hii:

```
xset dpms force off
```

Hii inazima taa ya skrini tu. Haifungi chochote. Ukitaka kufunga na kuzima taa kwa pamoja, andika:

```
xscreensaver-command -lock; sleep 1; xset dpms force off
```

Amri nyingine utazihitaji mara chache: `-deactivate` inaamsha skrini, na kama ilikuwa macho tayari, inaanza upya kuhesabu muda wa kutulia, `-next` na `-prev` zinabadili picha, `-exit` inamwachisha mlinzi kazi.

Hatua ya 5: Andika mipangilio

Mipangilio iko kwenye faili `~/.xscreensaver`. Kama halipo, litengeneze. Kama lipo, lifungue kwa `nano ~/.xscreensaver` na ubadili mistari inayohusika tu. Ukilifuta utapoteza orodha ya picha ulizochagua.

```
timeout:        0:05:00
lock:           True
lockTimeout:    0:00:00
passwdTimeout:  0:00:30
mode:           blank
dpmsEnabled:    True
dpmsStandby:    0:10:00
dpmsSuspend:    0:10:00
dpmsOff:        0:15:00
```

`timeout` ni muda wa kutulia kabla skrini haijazimwa. Usipoandika chochote ni dakika 10. Andika saa, dakika na sekunde kwa ukamilifu. Ukiandika `5` pekee inasomwa kuwa dakika 5, na ukidhani ni sekunde utashangaa kwa nini haitokei.

`lock` ndiyo inayoigeuza skrini nyeusi kuwa skrini iliyofungwa. Bila `True` hapo, muda ukifika picha inazimika na mlango unabaki wazi.

`lockTimeout` inahitaji kusomwa kwa makini. Si muda wa kutulia, ni muda wa huruma unaoanza kuhesabiwa baada ya skrini kuzimwa. Ukiweka `timeout` dakika 5 na `lockTimeout` dakika 5, skrini itakuwa nyeusi dakika ya 5 lakini itafungwa dakika ya 10. Katikati hapo yeyote anaingia. Nyumbani muda wa huruma wa sekunde 10 unasaidia, maana unagusa kipanya upesi na kuendelea. Kwenye meza ya ofisi iliyo mahali wateja wanapita, weka sifuri.

`mode: blank` inaleta weusi mtupu bila michoro. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa laptopu, hasa panapokatika umeme mara kwa mara: ukiwa umeondoka na betri ndiyo inayobeba kazi, hakuna sababu ya kuichosha kwa kuchora picha zisizo na mtazamaji. Ukitaka picha, weka `mode: random`, na uchague unazozipenda kupitia `xscreensaver-settings`.

Mistari ya `dpms` inaamua lini taa ya skrini izimwe kabisa. Iweke hapa, si kwa `xset`. Mlinzi akiwa kazini ndiye anayeipangia X muda wa kuzima, na anafuta ulichoandika kwa `xset`. Ndiyo maana watu wanalalamika kwamba `xset` yao haidumu.

Hifadhi faili, kisha mwambie mlinzi aanze upya:

```
xscreensaver-command -restart
```

Ili kuhakiki bila kusubiri dakika 5, badili `timeout` iwe `0:01:00`, kaa mbali na kibodi dakika moja na nusu, kisha gusa kipanya. Ukiulizwa nenosiri, rudisha 5.

Hatua ya 6: Awake mwenyewe, na umpe kitufe

Mlinzi uliyemwita kwa mkono atapotea ukitoka. Kwa Xfce, LXDE na mazingira mengine yanayosoma folda ya autostart, tengeneza `~/.config/autostart/xscreensaver.desktop`:

```
[Desktop Entry]
Type=Application
Name=XScreenSaver
Exec=xscreensaver -no-splash
```

Kwa i3, weka mistari hii miwili kwenye faili lake la mipangilio:

```
exec --no-startup-id xscreensaver -no-splash
bindsym $mod+Shift+x exec xscreensaver-command -lock
```

Kwenye Xfce kitufe unakiweka hivi, bila kufungua dirisha lolote:

```
xfconf-query -c xfce4-keyboard-shortcuts -n -t string \
  -p '/commands/custom/<Super>l' -s 'xscreensaver-command -lock'
```

Kitufe cha kufunga kilichomo ndani ya menyu ya Xfce chenyewe kinaita `xflock4`. Kielekeze kwa mlinzi wako mpya, vinginevyo kinaweza kulitafuta kufuli ulilolizima katika hatua ya 2:

```
xfconf-query -c xfce4-session -p /general/LockCommand \
  -n -t string -s 'xscreensaver-command -lock'
```

Toka, ingia tena, na uandike `xscreensaver-command -time`. Usiamini kwamba anawaka mwenyewe mpaka umeona jibu.

Hatua ya 7: Funga kabla laptopu haijalala

Kufunika laptopu kunailaza. Kuilaza si kuifunga. Toleo la 6 lina msaidizi aitwaye `xscreensaver-systemd` anayesikia kompyuta inapotaka kulala na kumwamuru mlinzi afunge kwanza. Angalia kama yupo:

```
pgrep -af xscreensaver-systemd
```

Yupo au hayupo, jaribu kwa macho yako: `systemctl suspend`, subiri ilale, iamshe. Kinachotakiwa kuonekana kwanza ni dirisha la nenosiri. Ukiona barua pepe zako hata kwa nukta moja kabla ya dirisha hilo, kufuli limechelewa.

Asipokuwepo, tengeneza kitengo cha systemd, programu inayosimamia huduma za Linux. Fungua `/etc/systemd/system/funga@.service` kwa `sudo nano` na uandike:

```
[Unit]
Description=Funga skrini kabla ya kulala
Before=sleep.target

[Service]
Type=oneshot
User=%i
Environment=DISPLAY=:0
ExecStart=/usr/bin/xscreensaver-command -lock
ExecStartPost=/bin/sleep 1

[Install]
WantedBy=sleep.target
```

Kisha kiwashe, ukiweka jina lako la mtumiaji baada ya alama ya @:

```
sudo systemctl enable funga@asha.service
```

Ile sekunde moja ya `ExecStartPost` usiiondoe. Inampa mlinzi nafasi ya kuifunika skrini kabla mashine haijasinzia.

Hatua ya 8: Ziba mlango wa nyuma

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. XScreenSaver inafunga dirisha la X peke yake. Haigusi zile skrini za maandishi za Ctrl+Alt+F1 mpaka F6.

Kama uliingia kwa F3 ukasahau kutoka, mtu anabonyeza Ctrl+Alt+F3 na anakuta ganda lako (shell, sehemu inayopokea amri) limefunguka, bila kuulizwa chochote. Andika `who` na uangalie mistari yenye `tty`, ndizo skrini za maandishi. Kila usiouhitaji, nenda ukautoe kwa `exit`.

Wanaowasha X kwa `startx` wako hatarini zaidi. Pale X inapofunguka kwenye skrini tofauti na ile uliyoingilia, picha inakuwa hivi: umeingia kwenye tty1, ukaandika `startx`, kisha ukafunga skrini. Mpita njia anabonyeza Ctrl+Alt+F1, anaona maandishi ya X yanayoendelea, anabonyeza Ctrl+C. X inakufa, kufuli linakufa nayo, na anabaki na ganda lako mkononi. Dawa ni neno moja, `exec`. Weka mstari huu mwishoni mwa `~/.bash_profile`:

```
[ "$(tty)" = /dev/tty1 ] && exec startx
```

Kwa `exec`, X inachukua nafasi ya ganda badala ya kukaa juu yake. Ikiuawa, hakuna ganda la kurudia. Anakutana na ombi la jina na nenosiri.

Ukifanya kazi moja kwa moja kwenye skrini za maandishi, sakinisha `vlock`. Amri `vlock -a` inazifunga zote na kuzuia kuhama kutoka moja kwenda nyingine.

Wapo wanaozuia kabisa Ctrl+Alt+F kwa `DontVTSwitch` kwenye mipangilio ya Xorg. Inawezekana, na kwa kompyuta ya hadhara inafaa. Kwa laptopu yako mwenyewe sishauri, maana umekata ile kamba ya kujiokolea.

Hatua ya 9: Amri kutoka mbali, na kazi za ziada

Umefika kituoni ukakumbuka hukufunga? Kama kompyuta ina SSH (njia ya kuipa amri kutoka mbali):

```
ssh ofisi 'DISPLAY=:0 XAUTHORITY=$HOME/.Xauthority xscreensaver-command -lock'
```

Alama za nukuu moja ni muhimu: zinafanya `$HOME` isomwe kwenye kompyuta ya ofisi, si uliyoshika. Kisha hakiki kwa `-time` badala ya `-lock`. Unatafuta neno `locked`.

Mlinzi pia anaweza kukuambia kila anachofanya. `xscreensaver-command -watch` inabaki wazi na kuandika mstari mmoja kila hali inapobadilika, ukianza na `BLANK`, `LOCK`, `UNBLANK` au `RUN`. Kwa hiyo unaweza kumfungia kazi nyingine. Hii inazisahau funguo za SSH zilizomo kwenye kumbukumbu na kusimamisha muziki kila skrini inapofungwa:

```
#!/bin/sh
xscreensaver-command -watch | while read -r hali mengine; do
  case "$hali" in
    LOCK)
      ssh-add -D
      playerctl -a pause
      ;;
  esac
done
```

Angalia neno lililotumika ni `LOCK`, si `BLANK`, kwa sababu ile ile ya mwanzo.

Kwa upande wa pili, kuna nyakati hutaki skrini ijifunge, kama unapoonyesha mada mbele ya watu. Vichezeshi vingi vya video vinamzuia mlinzi vyenyewe. Kwa programu isiyojua, hifadhi hati hii kwa jina `macho`, ipe ruhusa kwa `chmod +x macho`, na uiite hivi: `./macho jina-la-programu`.

```
#!/bin/sh
( while sleep 50; do
    xscreensaver-command -deactivate >/dev/null 2>&1
  done ) &
mlinzi=$!
trap 'kill $mlinzi' EXIT
"$@"
```

Programu ikifungwa, kitanzi kinakufa na mlinzi anaendelea na hesabu yake. Hii ni salama kuliko kumzima kwa `-exit`, ambapo utasahau kumrudisha.

Ikigoma

*`no screensaver is running`.* Mlinzi hayupo. Rudi hatua ya 3. Kama inatokea kila ukiwasha kompyuta, kosa liko kwenye faili la autostart. Mara nyingi ni jina lisiloishia na `.desktop`.

*`Can't open display`.* Amri haijui skrini ni ipi. Hutokea kwenye cron na SSH. Weka `DISPLAY=:0` na `XAUTHORITY` mbele ya amri kama hatua ya 9. Ukiingia kupitia GDM (skrini ya kuingilia ya GNOME), faili la ruhusa haliko nyumbani kwako bali `/run/user/1000/gdm/Xauthority`, ambapo 1000 ni namba inayotolewa na `id -u`.

*Muda umepita na haikufunga.* Angalia kama kulikuwa na menyu iliyoachwa wazi, au mashine pepe iliyoishika kibodi. Katika X11, programu moja ikishika kibodi, nyingine haiwezi kuichukua, na kufuli bila kibodi haliwezi kufunga. Zoea kufunga menyu kabla ya kuinuka.

*Nenosiri sahihi linakataliwa.* Kwanza Caps Lock, kisha mpangilio wa kibodi: kama unabadilisha kati ya lugha mbili, kufuli linatumia ule uliokuwepo wakati wa kufunga. Kama uliisakinisha kwa kuijenga kutoka msimbo wake, hakikisha faili `/etc/pam.d/xscreensaver` lipo. Na kama ni toleo la 5 na ulikuwa unasasisha mfumo, sababu ni nyingine: maktaba za uthibitishaji zimebadilika chini ya miguu ya mlinzi anayeendelea. Debian hutoa onyo kuhusu hili katikati ya `apt upgrade`, na watu hubonyeza Enter bila kulisoma. Mwachishe mlinzi kwa `-exit` kabla ya masasisho makubwa na umwite tena baadaye.

*Umefungiwa nje kabisa.* Ctrl+Alt+F3, ingia, kisha:

```
pkill -x xscreensaver
```

Rudi kwenye X, skrini iko wazi. Usitumie `kill -9`. Inamkata mlinzi kabla hajasafisha, na anaweza kuacha watoto wake wakizurura juu ya skrini.

*Hakuna dalili inayoeleweka.* Mwachishe, kisha mwite akiandika kila kitu:

```
xscreensaver-command -exit
xscreensaver -no-splash -verbose -log ~/xss.log &
```

Rudia kosa, kisha soma mistari ya mwisho kwa `tail -n 40 ~/xss.log`.

Ukiwa kwenye Wayland

Kwa GNOME, amri ni `loginctl lock-session`, na huhitaji kusakinisha kitu. Kwa Sway (mazingira ya Wayland yanayofanana na i3), sakinisha `swaylock` na `swayidle`, na uweke hii kwenye mipangilio yake:

```
exec swayidle -w \
  timeout 300 'swaylock -f -c 000000' \
  before-sleep 'swaylock -f -c 000000'
```

Hesabu hapo ni sekunde, kwa hiyo 300 ni dakika 5.

Tofauti kubwa na X11 iko hapa. Kwenye X11, kufuli ni programu kama nyingine: ikianguka, skrini inabaki wazi. Januari 2021 ilijulikana kwamba kufuli la Linux Mint Cinnamon lingeweza kuangushwa kwa kubonyezabonyeza herufi za kibodi ya skrini, na waliogundua walikuwa watoto wanaocheza. Kwenye Sway, toleo jipya la `swaylock` likifa ghafla, Sway yenyewe inaendelea kuificha skrini. Kwa hiyo `pkill` ya kawaida haitakuokoa ukifungiwa nje. Nenda Ctrl+Alt+F3, ingia, na kama `swaylock` bado inaendeshwa andika:

```
pkill -USR1 swaylock
```

Kama imekwisha kufa, iwashie nyingine kutoka hapo hapo, kisha rudi kwenye Sway uifungue kwa nenosiri lako:

```
WAYLAND_DISPLAY=wayland-1 swaylock -f
```

Ikisema haiioni skrini, andika `ls $XDG_RUNTIME_DIR` na utumie jina linaloanza na `wayland-` utakalolikuta humo.